Kiyeyushi cha kijani kikigoma: hitilafu za kupima metali nzito kwenye chakula katika joto la Mombasa

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wa maabara hapa Mombasa ni hili: "Mbona sampuli tupu ina risasi nyingi kuliko samaki changu mwenyewe?" La pili ni: "Mbona kiyeyushi hakijitengi na maji?" La tatu huja kwa sauti ya chini, baada ya wiki mbili za kuhangaika: "Au mashine imeharibika?"

Mara nyingi mashine ni nzima. Maelekezo mengi ya kazi hii yanaposema "joto la chumba" yanamaanisha nyuzi 20 hivi na hewa kavu. Chumba chetu kina nyuzi 29, unyevu unaolowesha chumvi mezani, na vumbi la malori yanayotoka bandarini. Karibu kila hitilafu iliyoandikwa hapa chini ina mkono wa kimojawapo kati ya joto, unyevu na vumbi. Kwa hiyo kabla ya kumpigia fundi simu, pima joto la chumba, pima sampuli tupu (yaani kazi yote kutoka mwanzo hadi mwisho, ila bila chakula ndani), na uangalie mkebe wa kolini kloridi (chumvi nyeupe tunayotengenezea kiyeyushi) kama bado ni unga au umeshakuwa uji.

Ninaposema viyeyushi vya kijani nazungumzia hasa viyeyushi vya yutektiki. Unachukua vitu viwili vigumu, unavichanganya kwa kipimo maalumu, vinageuka majimaji. Kolini kloridi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 302, yurea kwenye nyuzi 133. Ukichanganya mole moja ya ile na mbili za hii unapata kiowevu kinachoganda kwenye nyuzi 12 tu. Mwanakemia Andrew Abbott na wenzake wa Leicester, Uingereza, walilichapisha hilo mwaka 2003, na tangu hapo watu wamekuwa wakitafuta namna ya kuachana na viyeyushi vya zamani kama klorofomu na kaboni tetrakloridi.

Kwa nini tusipime moja kwa moja? Piga hesabu. Kikomo cha risasi katika nyama ya samaki ni miligramu 0.3 kwa kilo. Ukichukua gramu 0.5 ya samaki aliye kwenye kikomo hicho, ukamyeyusha kwa asidi na kujaza maji hadi mililita 25, unabaki na mikrogramu 6 kwa lita. Mashine ya mwali, inayopima metali ndani ya moto, haioni vizuri kiasi hicho. Ukikamua mililita 10 za huo mchuzi, ndivyo tunavyouita, ukaziingiza katika mikrolita 200 za kiyeyushi, umeikoleza risasi mara 50 na sasa inaonekana. Ubaya ni kwamba uchafu nao unakolezwa mara 50.

Dalili: kiyeyushi hakiyeyuki, au kimeganda tena kesho yake

Sababu ya kwanza ni vipimo vya uzani. Kolini kloridi hunyonya maji hewani kwa pupa. Mkebe ulioachwa wazi nusu saa wakati wa masika umeshakudanganya. Tuseme asilimia 10 ya ulichopima ni maji: ulidhani umeweka mole moja kwa mbili, kumbe umeweka moja kwa 2.22, na yurea iliyozidi ndiyo hizo chembe nyeupe unazoziona chini ya chupa. Kausha kolini kloridi usiku kucha kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 70, ipoe ndani ya desiketa (chombo cha kuhifadhia vitu vikiwa vikavu) yenye silika jeli iliyo hai, ndipo upime. Silika iliyobadilika rangi haikaushi chochote, hata kama kifuniko kimepakwa grisi vizuri.

Sababu ya pili ni kuchemsha kwa hasira. Mchanganyiko wa yurea hutosha nyuzi 80. Ukisikia harufu ya amonia, yurea imeanza kuvunjika. Mwaga, anza upya. Wa asidi oksaliki ukichemshwa sana nao huharibika kimyakimya, kwa sababu asidi na kolini hushikana na kuwa esta, na nguvu ya kuvuta metali hupungua. Hauna harufu ya kukuonya.

Kama kimeyeyuka vizuri ila ni kizito kama asali na pipeti inakataa, ongeza maji kidogo, asilimia 10 hadi 20. Ukikaribia nusu kwa nusu, hapo huna tena kiyeyushi cha yutektiki. Una maji yenye chumvi.

Dalili: hakuna tabaka mbili, hakuna tone, ni ukungu tu

Hapa ndipo wengi wanapopotezea siku zao.

Anza na swali la aibu: je, umechukua kiyeyushi kinachofaa? Vile vya kolini kloridi pamoja na yurea, gliseroli au asidi ya laktiki vinapenda maji na huyeyukia humo moja kwa moja. Ni vizuri kwa kulowekea unga wa samaki au mchicha uliokaushwa, lakini havitajitenga na mchuzi hata uzungushe sentrifuji mpaka jioni. Kwa kukamua kutoka kwenye maji unahitaji kinachoyachukia maji, kama mentoli na asidi dekanoiki, au timoli na asidi hiyohiyo. Kuna maelekezo yanayotumia kolini kloridi na fenoli pamoja na tetrahidrofurani ili kulazimisha matone yatoke. Yanafanya kazi, lakini fenoli inachoma ngozi na tetrahidrofurani iliyokaa sana hutengeneza peroksidi zinazolipuka. Mimi kitu hicho sikiiti kijani.

La pili, unaangalia wapi? Mentoli na asidi dekanoiki ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo tone linaelea juu. Nimemwona mtu mwenye shahada mbili akinyonya chini ya mrija kwa makini sana, kisha akaripoti kwamba chakula hakina kadimiamu.

La tatu ni joto, na hapa Pwani linastahili aya yake. Mbinu ya tone linaloelea na kuganda hutumia sana dodekanoli, ambayo huganda kwenye nyuzi 24. Maelekezo husema "weka kwenye barafu dakika tano, litoe, liache liyeyuke kwenye joto la chumba." Kwetu halingoji kuachwa, linayeyuka kwenye kijiko kabla hujalifikisha kwenye kichupa. Poza kijiko na kichupa pia, na ufanye kazi juu ya trei ya barafu. Barafu ya wavuvi inatosha kwa kupozea nje ya mrija, mradi maji yake yasikaribie mdomo wa mrija. Ile imebebwa kwenye magunia.

Wanaotumia Triton X-114 wana kesi ya kinyume. Sabuni hiyo huanza kutia ukungu kwenye nyuzi 23 hadi 25. Ulaya unaimimina ikiwa safi, unaipasha, ndipo inatia ukungu na kubeba metali. Hapa inatia ukungu ndani ya chupa, kabla haijakutana na ligandi (kemikali inayoshika metali) wala metali yenyewe, halafu unashangaa kwa nini kila mrija una jibu lake. Weka Triton, bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) na mchuzi kwenye friji saa moja, changanya vyote vikiwa baridi na angavu, ndipo upeleke kwenye beseni la maji la nyuzi 45. Niseme pia kwamba sabuni hiyo ikivunjika hutoa oktilifenoli, kitu kinachovuruga homoni za samaki, kwa hiyo usiimwage kwenye sinki ukajisifu kuwa umetunza mazingira.

Ikiwa yote hayo yako sawa na bado kuna maziwamaziwa yasiyokatika, sababu iliyobaki kwa kawaida ni mafuta. Jodari, dagaa, nazi: mafuta ambayo asidi haikuyamaliza hushikilia matone yasiungane. Ongeza chumvi safi ya maabara kidogo, zungusha tena kwa dakika 10. Isipokatika, rudi nyuma ukaiyeyushe sampuli upya.

Simama hapa: nyama yenye mafuta mengi haiongezwi uzito ndani ya chombo kilichofungwa cha maikrowevu ili "kuokoa muda". Gesi hujaa na chombo hupasuka. Kama hujafundishwa chombo hicho na mtu anayekijua, muite, usijaribu.

Dalili: sampuli tupu inasoma juu

Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mpangilio wa yale ninayoyakuta mara nyingi:

Maji. Yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri si maji ya maabara, hata kama lebo inasema yametoneshwa. Unataka maji ya megaomu 18.2, yaani yaliyosafishwa hadi karibu hayapitishi umeme. Pima maji peke yake kwanza; ni dakika tatu.

Vyombo. Vyote, pamoja na vile vipya vilivyofunguliwa leo, vilale usiku kucha ndani ya asidi nitriki ya asilimia 10, kisha visuuzwe mara tatu. Usitumie ncha za pipeti zenye rangi. Rangi yenyewe inaweza kuwa na metali. Glavu ziwe zisizo na unga, la sivyo zinki yako ni ya glavu.

Vumbi. Tulikuwa na sampuli tupu zilizokuwa safi asubuhi na chafu alasiri, siku baada ya siku. Tulibadilisha asidi, tukabadilisha mtu. Mwishowe yule mama anayefanya usafi ndiye aliyeuliza kwa nini meza ile moja tu huwa na unga mweupe kila jioni. Feni ya dari ilikuwa inawashwa joto likizidi, chini ya rangi kuukuu iliyokuwa inabanduka. Weka chombo chenye maji safi wazi mezani siku nzima, kisha kipime. Kitakuambia.

Usifanye utani na vumbi la mji huu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa kando ya mtaa wa Owino Uhuru kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kiwanda hufungwa, lakini risasi iliyokwisha ingia udongoni haiozi. Mboga inayoletwa na udongo kwenye mizizi ioshwe na kukatwa chumba kingine, kwa koti jingine, na wala isipite karibu na meza ya kukamulia.

Mwisho kabisa, kemikali zenyewe: ligandi, bafa, na mentoli ya daraja la chini. Ligandi na bafa zisafishe kwa kuzikamua mara moja kwa kiyeyushi chako na kutupa ulichokamua, kabla ya kuzitumia.

Dalili: umeongeza risasi unayoijua, imerudi nusu

Urejeshaji, yaani sehemu ya ulichoongeza inayorudi kwenye jibu, kati ya asilimia 80 na 110 unakubalika kwa viwango hivi. Ukiwa 50, tafuta kwa utaratibu huu.

Kwanza asidi iliyobaki. Mililita 5 za asidi nitriki kali zina takriban milimole 78. Hata kama nusu imetumika kumla samaki, ukijaza hadi 25 na kuchukua 10, bado umebeba kama milimole 16 za asidi. Halafu unaweka mililita moja ya bafa ya mola 1, ambayo ni milimole moja, na unaandika daftarini "pH 6". Tumbukiza karatasi ya pH uone. Ligandi ya diethili-dithiokabameti chini ya pH 4 huvunjika kwa muda mfupi sana, kwa hiyo haikukataa kushika metali, haikuwepo tena. Vukiza mchuzi hadi ubaki unyevunyevu tu, ongeza maji, sogeza pH kwa amonia safi, ndipo uweke bafa. Na kama mchuzi bado una rangi ya njano na moshi wa kahawia juu yake, pasha mpaka moshi uishe, maana gesi hizo huiunguza ligandi vilevile.

Pili, wapinzani. Chaza amejaa zinki na shaba kwa mamia ya mara kuliko kadimiamu, na damu ya pweza yenyewe hutumia shaba kubeba oksijeni. Shaba hufika kwa ligandi kabla ya risasi. Jaribu mara moja kwa ligandi maradufu: jibu likipanda, ulikuwa na njaa ya ligandi, likibaki palepale, endelea.

Tatu, asidi oksaliki na mifupa. Anayetumia kolini kloridi na asidi oksaliki kwa dagaa wazima huona mashapo meupe na kudhani ni protini. Ni kalsiamu ya mifupa iliyoshikana na oksaleti. Oksaleti ya risasi nayo haiyeyuki majini, kwa hiyo risasi yako imekaa humo chini na unamwaga. Kwa samaki wenye mifupa hamia asidi ya laktiki, au toa mifupa ikiwa swali lako ni la nyama tu.

Nne, tanuri la grafiti, mashine inayopasha tone la sampuli hatua kwa hatua hadi metali iwe mvuke. Metali imekamuliwa vizuri, imefika mashineni, inapotea mashineni. Kolini kloridi ni kloridi, na kloridi ya risasi huruka mapema, kabla ya hatua ya kupima. Kwenye grafu utaona mlima wenye vilele viwili, au mfupi na mpana. Punguza joto la kuunguzia, tumia kirekebishi (kemikali inayoizuia risasi isiruke mapema) cha amoniamu dihidrojeni fosfeti au paladiamu pamoja na magnesi nitrati, na viwango vyako vitengenezwe ndani ya kiyeyushi kilekile badala ya maji matupu. Kama huwezi, ongeza kiasi unachokijua ndani ya sampuli yenyewe mara tatu na uchore mstari humo.

Simama hapa: ili kupunguza uzito wa kiyeyushi kabla ya mashine, tumia ethanoli kidogo au asidi nitriki ya asilimia 2. Usichanganye kamwe asidi nitriki kali na kiyeyushi chenye gliseroli au ethilini glaikoli, hasa kikiwa moto. Asidi nitriki kali na gliseroli ndiyo njia ya kuelekea nitrogliserini. Kama mtu ameshachanganya, usitikise, usifunike. Ondoka, toa watu, muite msimamizi wa usalama.

Dalili: unga mmoja, majibu matatu

Ikiwa ni manjano ya dukani, usijilaumu haraka. Kuna wafanyabiashara duniani wanaoiongezea kromati ya risasi ili ing'ae, na rangi hiyo hukaa kama chembe: kijiko hiki kinayo, kile hakina. Pia haiyeyuki kwa kiyeyushi cha asidi ya laktiki. Changanya mfuko mzima, chukua gramu 2 badala ya 0.2, yeyusha kwa asidi ya moto. Kisha pima na kromiamu. Risasi ikiwa nzito kuliko kromiamu takriban mara nne katika kila kijiko, umeijua asili yake, kwa sababu ndivyo uzito wa atomi hizo mbili ulivyo, 207 kwa 52.

Dalili: aseniki na zebaki hazieleweki

Aseniki ya juu mno kwenye mashine ya plazma inayotenganisha atomi kwa uzito (ICP-MS): agoni ya plazma na kloridi huungana kuwa kitu chenye uzito 75, sawasawa na aseniki. Ukitumia kiyeyushi cha kolini kloridi umejiletea mwenyewe. Aseniki ya chini mno kwa njia ya hidridi, inayoigeuza aseniki kuwa gesi kabla ya kuipima: sehemu kubwa ya aseniki ya samaki ni asenobetaini, ambayo hidridi haiioni mpaka ivunjwe kwa nguvu. Na asenobetaini haidhuru, kwa hiyo usimtishe muuza ngisi kwa jumla ya aseniki. Kwenye mchele swali huwa ni aseniki isiyo ya kikaboni, na kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mchele mweupe ni miligramu 0.2 kwa kilo.

Zebaki hutoroka. Chombo wazi, beseni la mawimbi sauti lililopata moto, chupa ya plastiki laini: njia zote tatu. Funga, poza, tumia glasi. Zebaki ya samaki karibu yote ni methili-zebaki, na viwango vyake vya kupimia havishikwi na mwanafunzi peke yake. Kikimwagika, hata tone, ondoka na uite aliyefunzwa.

Dalili: namba zinayumba kwenye mwali

Kinyunyizi kinachopeleka sampuli kwenye mwali kimeziba kwa kiyeyushi kizito: pitisha ethanoli, kisha maji. Isiposaidia, angalia mtungi wa asetilini. Chini ya kilopaskali 700 asetoni iliyomo mtungini huanza kuja na gesi, mwali hubadilika rangi, na risasi kwenye nanomita 217 ndiyo ya kwanza kulewa. Badilisha mtungi kabla haujaisha. Bomba, vali, au harufu ya gesi ni kazi ya fundi wa gesi. Na mtu asikuwekee kipande cha bomba la shaba hata kwa saa moja, maana asetilini na shaba hutengeneza kilipuzi.

Na namba ikitoka juu ya kikomo, usiipeleke kwa mtu yeyote siku hiyo. Rudia kwa kipande kipya cha sampuli ileile, pamoja na sampuli tupu, sampuli rejea yenye cheti na nyingine uliyoongeza kiasi unachokijua. Zikikubaliana, gawa sampuli iliyobaki, ifunge kwa lakiri mbele ya shahidi, na nusu yake ipeleke kwenye maabara iliyoidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya la kuidhinisha maabara, kwa ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara) kwa kipimo hichohicho. Nusu nyingine ibaki kwenye friji yako ya kugandisha, yenye tarehe na saini mbili.